Kabla ya kununua laptopu, jiulize kitakachoisha kwanza

Kimya changu kimekuwa kirefu, mniwie radhi. Leo naweka kando habari za kuandika programu, kwa sababu binamu yangu wa Garsen ameniuliza swali ambalo najua wengi wenu mnalo.

Kijana amepata nafasi Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi. Shangazi ameuza maembe ya shamba lake la kando ya Mto Tana akaweka shilingi 30,000 za laptopu. Wiki iliyopita kijana akanitumia picha mbili kutoka duka moja Mombasa, zote ni mashine zilizotumika ng'ambo, zile tunazoziita ex-UK. "Kaka, hii ni i7 na hii ni i5, bei ni sawa. Si nichukue i7?"

Nikamwambia asilipe kwanza. Pesa zile ni za msimu mzima wa maembe. Zikipotea, hakuna nyingine hadi miti izae tena.

Ili nimjibu vizuri, ilibidi nirudi nyuma. Historia ya laptopu ukiitazama kwa makini ni historia ya vitu vinavyoisha. Kila kizazi cha mashine kilisifiwa kwa jambo moja, kisha kikakwama kwa jambo jingine ambalo mnunuzi hakuliuliza dukani.

Tuanze mwaka 1981. Huko Marekani ilitoka Osborne 1, kompyuta ya kubebeka kwa dola 1,795. Ilikuwa na kioo cha inchi 5 na uzito wa kama kilo 11. Ilibebeka, ndiyo, kama cherehani inavyobebeka. Lakini haikuwa na betri ndani. Ukifika uendako, kwanza tafuta soketi.

Watu wa Tana River wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Laini kubwa ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu ilikamilika katikati ya miaka ya 2010 tu. Hata leo stima huja ikaenda. Na mafuriko kama yale ya Novemba 2023 yakikata barabara ya Garsen na Lamu, chaja iliyoungua haipati mbadala upesi.

Mwaka 2005, kwenye mkutano wa Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha laptopu ya watoto ya "dola 100". Ilikuwa ya kijani, na ina mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Dunia ikashangilia. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, ule mkono haukuwepo tena na bei ilikaribia dola 200. Hata hivyo iliacha mafunzo mazuri: ilitumia umeme kidogo, na skrini yake ilisomeka juani.

Mwaka huohuo wa 2007 Asus wakatoa Eee PC. Skrini inchi 7, RAM MB 512, uzito chini ya kilo moja. Ndipo watu wakagundua kwamba kuandika, kusoma barua pepe na kuvinjari hakuhitaji mashine kubwa. Ila hifadhi ilikuwa GB 4 tu, na sehemu kubwa ilikwisha kuliwa na programu endeshi yenyewe. Hapo kilichoisha kwanza kilikuwa nafasi.

Kwetu Kenya, kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka 2010 Bodi ya TEHAMA ikaja na mpango wa Wezesha, uliowapa wanafunzi wa vyuo vikuu ruzuku ya dola 120 ya kununua laptopu. Mwaka 2013 ikaja ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, vilikuwa tableti, na kabla yake ilibidi shule nyingi zivutiwe umeme. Kifaa peke yake hakitoshi.

Sasa turudi kwa binamu. Kinachoisha siku hizi hakionekani kwa macho, nacho ni masasisho ya usalama. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo, kwa masharti rasmi, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8.

Kizazi utakijuaje? Soma namba inayofuata jina. Ile i7 ya binamu ilikuwa i7-6600U: tarakimu ya kwanza ni 6, basi ni kizazi cha 6. Ile i5 ilikuwa i5-8350U, kizazi cha 8. Tena i7 ile ina viini 2, wakati i5 ina viini 4. Jina kubwa lilikuwa kwenye mashine ndogo!

Nilimpa maswali manne ya kwenda nayo dukani, kwa kazi zake za kawaida: kuandika kazi za kozi, kusoma PDF, kutazama video za masomo na kujaza fomu za HELB.

1. Betri inakaa saa ngapi ukichomoa chaja? Kaa hapo nusu saa uone.
2. Hifadhi ni SSD? GB 256 zinatosha.
3. RAM ni GB 8, na inaongezeka?
4. Prosesa ni kizazi cha ngapi?

Hili la kwanza nimelilipia mimi mwenyewe. Nikiwa mwaka wa kwanza nilinunua laptopu inayong'aa bila kuchomoa chaja hata dakika moja. Stima ikapotea usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ripoti, mashine ikazima papo hapo, na kurasa zangu tisa zikaenda nayo.

Binamu alichukua i5. Betri ilikuwa imechoka, akamwomba muuzaji aweke nyingine kabla ya kulipa, na akawekewa.

Jioni shangazi akanipigia. "Mwanangu, itamaliza naye miaka minne?" Nikamwambia ukweli: siwezi kuapa, shangazi. Windows 11 nayo ina siku yake ya kuachwa. Siku hiyo ikifika, tutamwekea Linux, ambayo ni bure, na mashine itaendelea kuandika. Akacheka, akasema mradi isiniombe maembe mengine.

Kwa leo ni hayo. Kabla hujalipa, soma ile namba.