Kutoka Mbele ya Kamera hadi Nyuma Yake: Steven Kanumba na Suala la Lugha katika Filamu ya Kitanzania Inayovuka Mipaka

Utangulizi

Historia ya filamu ya Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kufuata miji mikubwa ya pwani. Kwa desturi hiyo, Dar es Salaam huonekana kuwa mwanzo na mwisho wa kila jambo, nayo miji ya bara hutajwa tu kama soko. Makala haya yanaichunguza kazi ya Steven Charles Kanumba (1984–2012), mwigizaji aliyegeuka kuwa mwongozaji na mtayarishaji, kwa kuuliza swali linalomrudisha mtazamaji wa bara katikati ya mjadala: mtu aliyeishi Lipangalala, kata ya mji wa Ifakara katika bonde la Mto Kilombero, alihitaji nini ili filamu iwe yake? Hoja kuu ni kwamba kuhama kwa Kanumba kutoka mbele ya kamera hadi nyuma yake hakukutokana na tamaa ya ukubwa peke yake. Kulikuwa pia jibu kwa masuala mawili yaliyomkabili kila mwigizaji wa kizazi chake, yaani nani anayeimiliki kazi, na kazi hiyo izungumze lugha gani inapovuka mpaka.

Bonde na lugha yake

Bonde la Kilombero ni mahali pafaapo kuulizia swali hilo. Wenyeji wake ni Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wahehe. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, pamoja na mashamba ya miwa ya upande wa Kidatu, iliwaleta watu wa makabila mengine mengi. Baadaye wakaja wafugaji na wakulima wa Kisukuma kutoka Shinyanga na Mwanza wakitafuta malisho na mashamba. Katika mchanganyiko huo Kiswahili si lugha ya ofisi na shule peke yake, bali ni lugha ya soko, ya ujirani na ya ndoa. Kwa hiyo tamthilia au filamu inayotaka kusikika na watu wote wa mtaa mmoja wa Ifakara haina njia nyingine.

Kanumba mwenyewe alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, katika nchi ya Wasukuma, kisha akahamia Dar es Salaam. Kiswahili alichokuja kukizungumza katika filamu ni kile cha kijana wa bara aliyeingia mjini: hakina lafudhi ya pwani, wala hakijifungi katika usanifu wa kitabuni, na kimechanganyika na misemo ya mitaani. Ndicho Kiswahili ambacho Mtanzania wa bonde la Kilombero angekitambua upesi kuwa ni cha mtu kama yeye.

Picha zilizotangulia

Filamu ya Kiswahili haikuanza na kizazi cha Kanumba. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa kikoloni ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt ulitengeneza filamu za kuelimisha huko Vugiri, milima ya Usambara, na kuzionyesha kwa gari sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Waafrika waliigiza, lakini hawakuwa na kauli juu ya kisa wala juu ya lengo lake. Baada ya uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na filamu kama Fimbo ya Mnyonge zikahubiri siasa ya ujamaa na kujitegemea. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaiweka sanaa hii chini ya uangalizi wa serikali. Katika vipindi vyote viwili mwongozaji alikuwa mwakilishi wa mamlaka, naye mwigizaji alikuwa mtu wa kuitwa na kuambiwa la kufanya.

Mabadiliko yalikuja na televisheni. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994, na vikundi vya sanaa vikaanza kupeleka maigizo ya mfululizo hewani. Kaole Sanaa Group, kilichorusha michezo yake ITV, kilikuwa miongoni mwa vikundi vilivyopendwa zaidi. Kanumba alijiunga nacho mwaka 2002. Kaole kilikuwa chuo bila majengo, ambapo mwigizaji alijifunza kuunda mazungumzo papo hapo kwa kufuata muhtasari wa kisa badala ya kukariri mswada. Mtindo huo ulikuwa na athari kubwa ya kiisimu. Mazungumzo yalipotungwa na mwigizaji mwenyewe, Kiswahili kilichosikika kilikuwa cha mazungumzo halisi, pamoja na marudio, vikatizo na mafumbo yake. Mwigizaji alikuwa tayari mtunzi kwa nusu, ingawa jina lake halikuandikwa hivyo.

Mfasiri wa kibandani

Wakati huohuo filamu za Nigeria zilikuwa zikiingia nchini kwa wingi. Ziliigizwa kwa Kiingereza, na watazamaji wengi wa vibanda vya video hawakukifuata Kiingereza hicho. Pengo hilo likazaa fani mpya, ile ya msimulizi mfasiri, aliyepaza sauti juu ya filamu, akatafsiri, akaeleza na kutia utani wake. Aliyepata sifa kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilizofasiriwa ziliuzwa. Msimulizi huyu hakutafsiri neno kwa neno. Aliuhamisha ulimwengu wa Lagos akauweka Manzese na Tandika, akawapa wahusika methali za Kiswahili na kuwakemea pale walipokosea. Kwa lugha ya fasihi simulizi, alikuwa mtambaji aliyekuta kisa cha wengine akakifanya chake.

Mafanikio ya msimulizi yaliwafunza watengenezaji wa Kitanzania jambo moja: watazamaji walizitaka hadithi za aina ya Nigeria, ila walizitaka kwa Kiswahili. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, Mkenya aliyefanya kazi Tanzania, ilithibitisha kuwa filamu ya Kiswahili iliyouzwa kwa kanda ingeweza kupata soko. Tangu mwanzo, basi, tasnia iliyokuja kuitwa Bongo Movie ilikuwa kazi ya watu wa nchi zaidi ya moja.

Dar hadi Lagos

Mwaka 2006 kampuni ya Game 1st Quality ya Dar es Salaam ilitoa Dar 2 Lagos, filamu iliyoongozwa na Mnigeria Femi Ogedegbe na kuwakutanisha Kanumba na waigizaji wa Nigeria, akiwemo Mercy Johnson. Ushirikiano huo ulimfanya Kanumba kuwa mwigizaji wa Kitanzania aliyejulikana zaidi nje ya nchi. Hata hivyo, ulilifunua pia tatizo la lugha. Kushirikiana na Lagos kulidai Kiingereza, ilhali kumridhisha mtazamaji wa nyumbani kulidai Kiswahili. Mwaka 2009, Kanumba alipokuwa mgeni katika jumba la Big Brother Africa, Kiingereza chake kilizua mjadala na kejeli nchini. Mjadala huo haukumhusu yeye peke yake. Uliwahusu wahitimu wote wa shule ambazo Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika msingi na Kiingereza katika sekondari, wanaotakiwa kuithibitisha elimu yao kwa lugha ambayo hawaitumii majumbani. Waliomcheka walikuwa wakijicheka wenyewe.

Jibu la Kanumba linaonekana katika kazi zake zaidi ya katika maneno yake. Chini ya kampuni yake, Kanumba The Great Film, alitoa filamu zenye majina ya Kiingereza, kama vile Young Billionaire, Uncle JJ, This Is It na, mwaka 2011, Devil Kingdom, iliyomleta Ramsey Nouah wa Nigeria. Majina ni ya Kiingereza, lakini mazungumzo kwa sehemu kubwa ni ya Kiswahili, na tafsiri ya Kiingereza huandikwa chini ya picha. Wahakiki wengi wameuona mtindo huu, ulioenea katika tasnia nzima, kuwa ni kasumba. Ukitazamwa kwa makini, una mantiki yake. Jina lilikuwa bango la kuvuka mpaka, nayo mazungumzo yalikuwa mali ya nyumbani. Mpangilio wa zamani uligeuzwa: badala ya Mtanzania kumtegemea msimulizi amfasirie Kiingereza, sasa mgeni ndiye aliyehitaji kusoma tafsiri. Filamu hizo zilipotazamwa Kenya, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, zilisafiri na Kiswahili chenyewe bila kuhitaji mfasiri.

Uncle JJ na This Is It zinafaa kutajwa kipekee, kwa kuwa ziliwapa watoto nafasi kubwa. Mtoto katika filamu hizo huzungumza na mkubwa bila woga, kwa Kiswahili chepesi chenye ucheshi, huku akiendelea kuzishika salamu na maneno ya heshima. Hapo unaonekana mvutano kati ya adabu ya jadi na malezi mapya ya mjini, mvutano ambao familia za bara zilikuwa zikiuishi.

Nani mwenye kazi?

Sababu ya pili ya kuhamia nyuma ya kamera ilikuwa umiliki. Katika mfumo wa wakati huo, mwigizaji alilipwa mara moja tu. Mtayarishaji naye aliiuza nakala kuu, mara nyingi pamoja na haki zote, kwa mmoja wa wasambazaji wachache wa Kariakoo. Baada ya hapo faida ilikuwa ya msambazaji, na hasara ilitokana na wale waliodurufu kazi bila idhini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwepo, lakini ilikuwa vigumu kuifikisha hadi kwenye kibanda cha video. Mwigizaji aliyetaka kauli juu ya kazi yake alilazimika kuwa mtayarishaji, na mara nyingi mwongozaji pia. Kanumba aliifuata njia hiyo, nao wenzake wengi wakaifuata.

Alifariki ghafla Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni baada ya kuagwa na umati mkubwa viwanja vya Leaders. Msiba huo uliliweka wazi pengo kati ya sifa na mali, na mjadala wa haki za wasanii ukapata nguvu mpya. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi katika kazi za filamu na muziki ili kuzitofautisha nakala halali na zile za wizi. Hatua hiyo ilikuja wakati diski zenyewe zilikuwa zinakaribia kupitwa na simu za mkononi.

Hitimisho

Kazi ya Kanumba ilidumu miaka kumi tu, kuanzia Kaole hadi kifo chake. Katika muda huo alivuka mipaka miwili: wa nchi, na ule unaomtenga anayeagizwa na anayeagiza. Mpaka wa kwanza ulimpa jina, na wa pili ukampa nafasi ya kuchagua lugha. Uamuzi wake wa kuyaacha mazungumzo kwa sehemu kubwa katika Kiswahili una uzito kuliko majina ya Kiingereza yaliyochapwa kwenye makasha. Kwa uamuzi huo Mndamba, Mpogoro na Msukuma wanaokaa mtaa mmoja wa Lipangalala waliweza kuitazama filamu ileile, wakacheka na kulia kwa wakati mmoja bila mtu wa kuwafasiria. Historia ya filamu ya Kiswahili inapaswa kuandikwa kwa kuwahesabu watazamaji hao pia, kwa maana wao ndio walioamua Bongo Movie izungumze lugha gani.