Spika wa Gauteng na Ombi la Wachache

Kaskazini mwa Johannesburg, nchini Afrika Kusini, uko mji wa Randburg. Ulipata manispaa yake mwaka 1959, na tangu mwaka 2000 umekuwa sehemu ya jiji la Johannesburg. Katika enzi za ubaguzi wa rangi, sheria iliufanya kuwa mji wa Wazungu, wasemaji wa Kiingereza na wa Kiafrikana. Mwaka 1987 mbunge wake, Wynand Malan, alikihama chama tawala cha National Party, akasimama kama mgombea huru, na wapiga kura wakamrejesha bungeni. Kura hizo hata hivyo zilikuwa za Wazungu peke yao, na mabaraza ya majimbo yaliyokuwepo zamani yalikwisha kufutwa mwaka 1986.

Hali hiyo ilibadilika katika uchaguzi wa Aprili 1994. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Randburg na mkazi wa Soweto walichagua bunge moja la jimbo, lenye mamlaka yake juu ya mambo kama shule na hospitali. Jimbo hilo, ambalo baadaye lilipewa jina la Gauteng, lilikuwa na wajumbe 86. Chama cha ANC kilipata viti 50, National Party 21, na vilivyosalia vikagawanywa miongoni mwa vyama vidogo. Tokyo Sexwale akawa waziri mkuu wa jimbo, na Trevor Fowler, naye wa ANC, akachaguliwa kuwa Spika.

Wengi humfahamu Spika kama mtu wa kutuliza kelele na kutoa nafasi ya kusema. Katiba ya mpito ya mwaka 1993 ilimpa pia wajibu mwingine mzito. Iwapo theluthi moja ya wajumbe wote wangeamini kwamba muswada unakiuka Katiba, wangeweza kumwandikia Spika ombi, naye angelazimika kuupeleka mzozo huo mbele ya Mahakama ya Katiba. Hakupewa hiari ya kukataa. Wala wajumbe hao hawakuwa na njia ya kuifikia Mahakama kwa utaratibu huo bila kupitia kwake.

Wajibu huo ulipata mtihani wake kutokana na Muswada wa Elimu ya Shule wa Gauteng wa mwaka 1995, wakati Mary Metcalfe alipokuwa akisimamia elimu katika serikali ya jimbo. Muswada ulipiga marufuku shule za umma kumpima mtoto ujuzi wa lugha kabla ya kumpokea. Ulimkinga pia mwanafunzi asilazimishwe kuhudhuria mafunzo ya dini. Kwa familia iliyozungumza Kizulu au Kisotho nyumbani, marufuku hayo yalimaanisha kwamba mtoto hangefungiwa mlango wa shule kwa kushindwa mtihani wa lugha. Kwa upande wa pili, wapo Waafrikana walioona kwamba shule zilizolea lugha na imani yao zilikuwa hatarini. Ikumbukwe kwamba katika jimbo hilohilo, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi walipoandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana.

Waliopinga muswada walihitaji saini 29. Hata National Party, chama cha pili kwa ukubwa, kisingefikia idadi hiyo peke yake. Saini zilipatikana, ombi likamfikia Spika, na Spika akalifikisha Mahakamani. Hivyo muswada ulioungwa mkono na chama cha Spika mwenyewe ulikwenda kuhojiwa kwa mkono wake.

Hukumu ilitolewa tarehe 4 Aprili 1996. Jaji Ismail Mahomed alieleza kwamba Katiba iliwapa watu haki ya kuanzisha shule zao wenyewe zenye msingi wa lugha, utamaduni au dini, mradi zisibague kwa rangi. Haikuilazimisha serikali kuwajengea shule za namna hiyo. Jaji Albie Sachs aliongeza maoni marefu juu ya haki za jamii za wachache, na Jaji Johann Kriegler akaandika yake kwa Kiafrikana. Ombi lilitupiliwa mbali. Wachache walishindwa, lakini walishindwa baada ya kusikilizwa na kujibiwa kwa hoja, na mmoja wa majaji aliwajibu kwa lugha waliyoihofia.

Katiba ya mwaka 1996 ilibadili utaratibu huo. Sasa asilimia 20 ya wajumbe wa bunge la jimbo wanaweza kwenda Mahakamani wenyewe, ndani ya siku 30 tangu sheria kutiwa saini. Spika amebakiwa na majukumu mengine, likiwemo la kura. Anapoongoza kikao hapigi kura kama wajumbe wengine, ila kura zikifungana ni lazima aamue. Mwaka 2019 ANC ilipata viti 37 kati ya 73. Spika Ntombi Mekgwe alipokalia kiti, chama chake kilibaki na kura 36 dhidi ya 36. Mwaka 2024 ANC iliambulia viti 28 kati ya 80, na hakuna chama kinachoweza tena kuamua jambo peke yake.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilichukua njia tofauti: Spika wa bunge la kaunti huchaguliwa kutoka miongoni mwa watu wasio wajumbe. Katika Gauteng Spika ni mjumbe na ni mtu wa chama. Ndiyo maana ombi lile la miaka ya tisini lina uzito. Mzozo wa lugha shuleni haujaisha, na sheria ya elimu iliyotiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa mwezi Septemba 2024 iliuamsha upya. Watakaoshindwa kwa kura wataendelea kuwepo, na haki yao ya kusikilizwa itahitaji kiongozi wa kikao anayejua kwamba yapo mambo ambayo hana ruhusa ya kuyazuia.