Chuo Kikuu Kilichojengwa kwa Maneno Matupu

Will Crowther hakuwa mwalimu. Alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya BBN ya Marekani, iliyoshiriki kujenga ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, na muda wake wa mapumziko aliutumia kutambaa mapangoni. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya kuachana na mkewe, aliwatungia binti zake mchezo wa kompyuta uliofuata njia za pango la kweli, lile la Mammoth katika jimbo la Kentucky.

Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Kompyuta ilikueleza kwa Kiingereza mahali ulipo, nawe uliijibu kwa Kiingereza hichohicho, maneno yasiyozidi mawili, mara nyingi kitenzi na nomino. Ukitaka taa, unaandika “get lamp”. Ukiandika kisichoeleweka, kompyuta inakwambia haijakuelewa, na hapo hutoki. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliurefusha, nao ukasambaa kupitia mtandao uleule aliousaidia Crowther kuujenga.

Hakuna aliyekusudia kufundisha lugha. Lakini tazama kilichomo: huwezi kupiga hatua bila kusoma, na huwezi kuokota kitu bila kukitaja. Mwalimu wa Kiingereza angetaka nini zaidi? Labda kitu kimoja tu, mtu wa kuzungumza naye. Hilo lilitimia mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, pale wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walipotengeneza MUD, mchezo wa maandishi ulioruhusu watu kadhaa kuwa ndani kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa mbele ya kioo chake. Walipigana, walisaidiana, walipiga soga. Miaka miwili baadaye mchezo uliunganishwa na ARPANET, na wachezaji wa mbali wakaanza kuingia.

Walimu wa lugha walichelewa kidogo, ila hawakulala. Mwaka 1984 John Higgins na Tim Johns walichapisha kitabu kuhusu kompyuta katika kujifunza lugha, nao hawakuidharau michezo. Kikwazo ni kwamba darasa la wakati ule lilikuwa na kompyuta moja au mbili zisizounganishwa na chochote, na mwanafunzi alicheza na mashine peke yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 1994, jijini New York. Julie Falsetti wa Hunter College alifungua schMOOze University, chuo kikuu kisicho na jengo, ada wala cheti. Kilikuwa mtoto wa ukoo wa MUD, kimeandikwa kwa programu ileile iliyotumiwa na LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis katika maabara ya Xerox huko California. Tofauti ni kwamba chuo cha Falsetti kilijengwa makusudi kwa ajili ya watu wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya kigeni.

Msomaji aliyezoea simu ya kugusa huenda asipate picha ya jambo lenyewe. Unafungua kioo chenye herufi tu. Maandishi yanakwambia uko mahali fulani chuoni, yanakueleza paonekanavyo na milango iliyopo, yanakutajia nani mwingine yuko hapo. Unaandika amri ya kwenda upande unaotaka. Mahali papya panaelezwa. Unaandika sentensi ya salamu, na walio katika chumba hicho wanaiona papo hapo ikiwa na jina lako mbele. Kisha unasubiri. Mmoja anajibu, pengine yuko Japani, pengine Brazili, na Kiingereza chake kinachechemea kama chako. Hamna lugha nyingine ya kuelewana, kwa hiyo mnakishikilia hichohicho mpaka kieleweke. Aliyechoka kuzungumza aliweza kucheza Scrabble au mchezo wa kubahatisha neno herufi kwa herufi, au kuingia kwenye njia panda za sarufi ambamo unapita kwa kujibu swali. Kulikuwa na kamusi humohumo. Aliyekwisha kuzoea aliweza kuwa na chumba chake mwenyewe, na chumba hakiwi chumba mpaka ukieleze kwa sentensi zako. Kiti kilikuwepo kwa sababu mtu ameandika kwamba kipo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo historia hii ilipofikia kilele, na ilikuwa mapema mno kwetu. Mwaka 1994 intaneti katika Afrika Mashariki ilikuwa habari ya watu wachache sana. Nyaya za chini ya bahari zilizoleta mtandao wa kasi Mombasa na Dar es Salaam zilifika mwaka 2009, na kufikia hapo dunia ilikwisha kuhamia kwenye picha.

Picha zilipoingia, maneno yalisogezwa pembeni. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Victoria cha Kanada kilitoa Hot Potatoes, programu iliyomwezesha mwalimu asiyejua uandishi wa programu kutengeneza fumbo la maneno au zoezi la kujaza nafasi na kuliweka mtandaoni. Ilisaidia wengi, lakini tuseme ukweli: nyingi ya kazi hizo zilikuwa mtihani uliovalishwa nguo za mchezo. Oktoba 2007 ikaja Freerice ya Mmarekani John Breen. Unachagua maana ya neno la Kiingereza, na kwa kila jibu sahihi punje za mchele zinachangwa kwa wenye njaa, zikilipiwa na matangazo. Mwaka 2009 Breen aliukabidhi mchezo kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Msamiati uliongezeka na mchele ulifika, ila mchezaji alibaki peke yake.

Watu wenyewe hawakuwasubiri walimu. Watafiti wa Uswidi, Liss Kerstin Sylvén na Pia Sundqvist, waliwachunguza wanafunzi 86 wa umri wa miaka 11 na 12, na mwaka 2012 wakaandika kwamba waliocheza michezo ya kompyuta saa 5 au zaidi kwa wiki ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye Kiingereza. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mchezo ndio uliowafundisha; huenda wenye Kiingereza kizuri ndio waliovutiwa na michezo hiyo. Hata hivyo, mtoto anayetaka kushinda pamoja na wenzake wa nchi nyingine hana budi kuelewana nao.

Juni mwaka huohuo wa 2012 Duolingo, huduma ya mtandaoni ya kujifunza lugha kwa mtindo wa mchezo, ilifunguliwa kwa umma. Mwanzilishi wake pamoja na Severin Hacker ni Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, ambaye husimulia kwamba ilimbidi kupanda ndege hadi El Salvador kufanya mtihani wa Kiingereza uliotakiwa na vyuo vya Marekani, kwa kuwa nafasi nchini kwake zilikuwa zimejaa. Kabla ya hapo, mwaka 2003, alikuwa ametengeneza ESP Game: watu wawili wasiojuana wanaonyeshwa picha moja, kila mmoja anaandika maneno, na wanapata pointi yanapolingana. Lengo lilikuwa kuipa kompyuta majina ya picha. Ajabu ni kwamba mchezo ule usiofundisha lugha ulikuwa na mtu upande wa pili, na Duolingo, iliyokusudiwa kufundisha lugha, ikamweka bundi wa kijani, nembo yake.

Sisemi bundi huyo hana kazi. Anakumbusha na kurudiarudia bila kuchoka. Lakini mwanafunzi wa Tanzania anayetoka darasa la saba la Kiswahili na kukuta vitabu vya Kidato cha Kwanza karibu vyote ni vya Kiingereza hakosi mazoezi ya kujaza nafasi. Anakosa mtu anayemlazimu kuandika sentensi na kuingoja irudi. Mwalimu mwenye simu na kundi la WhatsApp anaweza kumpatia: darasa la Morogoro lieleze kitu kwa Kiingereza bila kukitaja, darasa la Kampala likibahatishe, kisha zamu igeuke. Haihitaji programu mpya wala mfadhili. Mwalimu mwenzangu, jaribu muhula huu.