Utani wa Chumbani: Kabla ya Gengetone Kulikuwa na Sheria

Panda mat yoyote inayopita Kariokor na mapema ama baadaye utasikia ngoma ambayo mathe aliyekaa kando yako anajifanya haielewi. Ameielewa, buda. Anaangalia dirisha tu kwa sababu kuna mtoi wa shule kwa kiti cha mbele. Shida ya utani wa chumbani iko hapo: nani anasikia, wapi, na saa ngapi.

Wasee wengi hudhani gengetone ndiyo ilileta hizi story. Zii. Ziko kitambo, na zilikuwa na mipaka yake.

Kila ngoma na uwanja wake

Zanzibar na Pwani kuna unyago, ambapo wanawake humfunza mwari mambo ya ndoa kwa ngoma, nyimbo na viuno, bila kuficha kitu. Mwanaume haingii. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini nyumbani alikuwa pia kungwi. Kwa Wabukusu, msimu wa tohara huja Agosti ya miaka shufwa, na hapo huimbwa nyimbo ambazo siku nyingine zingekupeleka mbele ya wazee. Msimu ukiisha, midomo inafungwa. Mugithi nayo ina saa zake: mapema ni nyimbo za zamani, usiku ukikomaa mistari inabadilika.

Vitabu havikubaki nyuma. David Maillu alitoa *After 4.30* mwaka 1974, kuhusu yanayoendelea Nairobi ofisi zikifungwa. Watu walisoma sana, na 1976 Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake.

Kwa jukwaa, mfano mkongwe unatoka Athens, mwaka 411 KK. Aristophanes alichekesha watu na *Lysistrata*, mchezo ambamo wanawake wanawanyima waume zao unyumba mpaka vita viishe. Kenya tuliona kitu kama hicho live: 2009 mashirika ya wanawake yaliitisha mgomo wa unyumba wa wiki moja, yakitaka Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila wapatane.

Fumbo ndilo pazia

Utani mzuri wa aina hii hautaji kitu kwa jina. Nyegezi ni mahali halisi, Mwanza. Lakini Rayvanny na Diamond walipolicheza hilo jina kwa wimbo *Mwanza*, kila mtu alijua wanaelekea wapi, na Novemba 2018 BASATA ikaufungia. Mwimbaji akiulizwa, anakuambia uchafu uko kwa kichwa chako. Mtoi anasikia jina la mahali, mtu mzima anacheka.

Pazia likang'oka

Nairobi, Calif Records, studio iliyobeba jina la mtaa wa California, si mbali na Kariokor, ilitupa genge mwanzoni mwa miaka ya 2000. Circute na Jo-El wakaja na *Manyake*. Kisha 2018 Ethic wa Umoja wakaachilia *Lamba Lolo*, na 2019 Sailors wakafuata na *Wamlambez*. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na simu kwa kila mfuko na spika kwa kila mat. Ngoma ya usiku ikachezwa saa mbili asubuhi.

Mwaka huo huo Ezekiel Mutua, aliyekuwa bosi wa KFCB, alisema *Wamlambez* na *Tetema* zibaki kwa klabu na baa. Watu walimchekelea, lakini enyewe alikuwa anaomba kile makungwi walikuwa nacho siku zote: chumba chenye mlango.

Halafu ikaja *Tarimbo* ya Ethic, mwisho wa 2019. Fumbo lilikuwepo, maana tarimbo ni chuma tu cha mjengo. Lakini mistari ilishangilia kumwingilia manzi bila hiari yake. Wakenya waliwaka, kundi likaomba msamaha, na video ikatolewa YouTube.

Hapo mlango wala saa haisaidii. Kwa unyago, mwari na makungwi wanacheka pamoja. Athens, aliyechekwa ni mwanaume mpenda vita. Kwa *Tarimbo*, anayechekwa ndiye anayeumizwa. Kwa hivyo kabla ujaze status na ngoma mpya ya mtaa, jiulize swali moja: manzi anayeimbwa hapo, akiwa kwa hiyo party, angecheka pia?