Habari za Madaktari wa Ndege Katika Nchi ya Kaskazini



Kamati imeniagiza niandike kidogo habari za matibabu katika nchi yetu, kwa sababu katika mkutano wa mwaka huu lilizuka swali ambalo halikumalizika: fedha za mfuko wa wagonjwa ziendelee kukodi magari tu, au sehemu yake iwasaidie wahudumu wa afya wanaokaa vijijini? Naomba kwanza tutazame yaliyopita.

Sheria ya mwaka 1926 iliifunga nchi yote ya mpaka wa kaskazini. Hapa Isiolo palikuwa na kizuizi, na mtu hakupita bila kibali. Mifugo nayo iliwekwa karantini. Kwa kweli, hofu ya kwamba maradhi ya ng'ombe wetu yangefika mashamba ya walowezi ilikuwa kubwa kuliko hofu ya maradhi yetu sisi wenyewe. Kwa hiyo, uhuru ulipofika mwaka 1963, barabara zilikuwa chache na hospitali chache zaidi.

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood Mwingereza, Archibald McIndoe mzaliwa wa New Zealand, na Thomas Rees Mmarekani, walianzisha shirika ambalo leo tunalijua kwa jina la AMREF. McIndoe alikuwa amepata sifa kubwa kwa kuwatibu marubani waliounguzwa nyuso katika Vita Kuu vya Pili. Shirika hilo halikutafuta faida, bali liliishi kwa michango. Shauri lao lilikuwa jepesi kulisema na zito kulitenda: ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari na aruke amfuate mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliwekwa simu za upepo katika vituo vya mbali, hata dresa aliye peke yake jangwani akaweza kumweleza daktari wa Nairobi hali ya mgonjwa na kupewa shauri saa ile ile.

Wengi wenu mnamkumbuka Dakta Anne Spoerry, Mfaransa, aliyejifunza kurusha ndege akiwa amepita umri wa miaka 40. Alitua katika viwanja vya vumbi vya kaskazini, akichanja watoto na kuwatibu watu chini ya mti, na watu wakamwita Mama Daktari mpaka alipofariki mwaka 1999.

Nami nilikuwa mmoja wa watoto waliokimbilia ndege. Lakini siku chache baada ya ndege moja ya madaktari kuondoka, mdogo wangu alishikwa na kuhara, akafa siku ya tatu. Lawama haimfikii mtu yeyote. Dawa iliyohitajika ilikuwa maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi, na vyote vitatu vilikuwamo nyumbani mwetu. Hapakuwa na mtu wa kutuambia.

Shirika lenyewe lilikuja kuliona jambo hilo. Katika miaka ya 1970 lilianza kutia bidii katika kuwafundisha wanavijiji kazi ya afya, na mwaka 1978 mataifa yaliyokutana Alma-Ata yakaafikiana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi. Ndege hazikuachwa, na haifai ziachwe. Mama aliyekwama katika uzazi hawezi kuponywa kwa semina.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatuma kazini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wa kijiji chetu ni mwanamke mmoja, naye huenda kwa miguu. Nilipomwuliza chama kimfanyie nini, hakutaja mshahara. Aliomba nauli ya bodaboda, apate kuzifikia boma tatu zilizo ng'ambo ya lugga kabla ya mvua.