Padre Aliyeutafuta Mwanzo wa Nyakati

Tangu zamani wapo waliowatega waamini kwa swali hili: kabla ya kuumba mbingu na nchi, Mungu alikuwa akifanya nini? Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alilikabili mnamo mwaka 400 hivi, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake. Alilijua jibu la mzaha, kwamba Mungu alikuwa akiwatayarishia wadadisi jehanamu, lakini akalikataa, kwa kuwa kumcheka muulizaji si kumjibu. Jibu lake mwenyewe ni kwamba wakati nao ni kiumbe. Pasipo na wakati, hapana "kabla".

Twamkumbuka leo kwa ajili ya padre mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, aliyezaliwa Charleroi mwaka 1894, akapewa upadre mwaka 1923, akafundisha katika Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain. Yeye alizishika hesabu za Einstein, zisemazo kwamba wakati si mto mmoja utiririkao sawasawa kwa wote: saa ya asafiriye kwa kasi kuu huenda polepole kuliko ya aliyebaki nyumbani. Mwaka 1927 akaonyesha kwa hesabu hizo kwamba ulimwengu unapanuka. Einstein, walipokutana Brussels mwaka huohuo, aliikubali hesabu lakini akaikataa fizikia yake kwa maneno makali. Padre hakurudi nyuma. Mwaka 1931 aliandika kwamba, ikiwa vyote vilianza katika chembe moja, basi hapo mwanzo mahali na wakati havikuwa na maana yoyote. Vilianza kuwa na maana chembe hiyo ilipokwisha kugawanyika.

Nani asiyemsikia Augustino humo? Wengi walishangilia. Tarehe 22 Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pius XII, akikihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi, alisema kwa shauku kwamba sayansi imekuwa kama shahidi wa uumbaji. Lemaître, aliyekuwa mmoja wa wanachuo hao, hakufurahi. Kwake nadharia ile ilikaa nje ya hoja za dini, nayo ilimwachia mkana Mungu uhuru wake wote. Septemba 1952, mbele ya wataalamu wa nyota, Baba Mtakatifu hakulirudia dai lile.

Sisi twaona padre alikuwa na haki. Katika miaka ya 1930 vipimo viliupa ulimwengu umri wa miaka bilioni 2 hivi, pungufu hata ya umri wa dunia yetu. Leo wataalamu hutaja bilioni 13.8. Je, imani ingeegemea hesabu ipi? Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kufundisha katika karne ya 13 kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo twalipokea kwa imani. Kuumbwa ni kumtegemea Mungu kila nukta, hata asubuhi hii tunapozungumza, wala si jambo la siku ya kwanza tu.

Mwaka 1965, huko Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba wamenasa mnururisho hafifu utokao pande zote za anga. Ndiyo masalio ya joto la nyakati zile za awali. Lemaître alikuwa mgonjwa. Habari hiyo ilimfikia kitandani, muda mfupi kabla hajafariki tarehe 20 Juni 1966.