Kilo 20: Vyuma vya Simiti, Sufuria ya Mama na Njia ya Jangwani

Leo tuketi nyuma ya nyumba, pale karibu na kamba ya nguo, kwa maana huko ndiko vijana wetu wa Londiani wamefungua jim yao.

Umeiona. Mikebe miwili ya rangi iliyojazwa simiti, bomba la chuma katikati, na kipande cha gogo cha kulalia. Jioni vijana wanne watano huinua kwa zamu, na midomo haipumziki. Ukiwasikiliza huku ukianua nguo utagundua kwamba mazungumzo yao ni ya mambo matatu tu: nani anainua kilo ngapi, nani anakula nini, na ile safari ya Desemba ya kwenda kutembea kwa miguu jangwani, upande wa Ziwa Turkana. Usiwacheke, mama. Mambo hayo matatu yana historia, na ukiifahamu historia hiyo utajua la kumwambia mtoto kabla hajafunga mkoba.

Nina sababu ya kusema hivyo. Kijana mmoja wa kwetu, mtoto wa dada yangu, aliteremka Baringo na wenzake kutembea kutwa. Ni kijana wa misuli, kifua kama mlango. Kufika saa nane mchana akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wenzake wakadhani anafanya mzaha, wakacheka. Alipona, tunashukuru, lakini alilazwa hospitalini siku 3, na dada yangu mpaka leo hujiuliza ni jambo gani alilokosa kumwambia. Ninayoandika hapa ndiyo ningependa tuwe tuliyajua sisi wawili kabla ya safari ile.

Tuanze na vyuma. Mtu aliyeeneza sana desturi ya kuinua vyuma nyumbani alikuwa Eugen Sandow, aliyezaliwa Prussia mwaka wa 1867 na kupata jina kubwa Uingereza. Alianza kama mtu wa maonyesho ya nguvu jukwaani. Baadaye akaona kwamba kuna pesa zaidi katika kuwauzia watu wa kawaida vyuma vidogo na kamba za mpira za kuvuta, pamoja na maelezo, ili hata karani wa ofisi afanye mazoezi chumbani kwake. Septemba 1901 aliandaa mashindano ya miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall huko London. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu, ikiwa imekwisha kupita hapa kwetu Londiani. Waliobeba reli zile na mataruma yake mabegani hawakuhitaji kununua vyuma vya Sandow.

Sandow huyo pia aliuza unga wa kakao uliosifiwa kwamba huleta afya na nguvu. Biashara hiyo ilianguka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Likumbuke jambo hilo kijana atakapokuomba pesa za kununua mkebe wa unga wa kujenga misuli. Unga wa nguvu ulikuwako kabla babu yake hajazaliwa, na ulihitaji matangazo tangu siku hizo.

Sasa tupime vyuma vya nyuma ya nyumba. Simiti iliyochanganywa na mchanga na kokoto, ikishakauka, huwa na uzito wa takriban kilo 2.4 kwa kila lita. Mkebe wa rangi wa lita 4 basi unakaribia kilo 10. Mikebe miwili ni kama kilo 20, na bomba juu yake. Na mtungi wa maji wa lita 20 una kilo ngapi? Kilo 20. Yaani mzigo ambao kijana anauinua mara 10 huku wenzake wakimshangilia ndio dada yake anaoupandisha kilima kutoka mtoni asubuhi na jioni, na hakuna anayemhesabia. Mimi jambo hili hunikera kidogo, nalisema wazi.

Haina maana kwamba vijana wanapoteza wakati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wazima wafanye shughuli za kutoa jasho kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kila siku. Kwa hiyo mwache afanye. Lakini kagua vifaa vyake. Mkebe usiofungwa vizuri huchomoka, na mzigo hulala upande mmoja ukampinda mgongo. Asilale chini ya chuma akiwa peke yake. Na kama bado ana miaka 13 au 14, aanze na uzito mdogo anaoweza kuuinua bila kutetemeka, mtu mzima akiwa karibu. Wewe nawe mama uliyejifungua juzi, mtungi uwaachie wao kwanza, na umuulize muuguzi ni lini unaweza kurudia mizigo mizito.

Mazungumzo yao ya pili ni ya jikoni, na hapo mwenye historia ni wewe. Mtu wa kwanza kuiletea Kenya medali ya Olimpiki alitoka hapahapa Kericho: Wilson Kiprugut Chumo, mwanajeshi, aliyepata shaba katika mita 800 huko Tokyo mwaka wa 1964, kisha fedha huko Mexico mwaka wa 1968. Alifariki Novemba 2022. Miaka ya Chumo hakukuwa na mikebe ya unga wa misuli katika maduka yetu. Na Joyce Chepchumba, binti wa Kericho, alishinda marathoni ya London mwaka wa 1997 kwa tofauti ya sekunde 1, baada ya kilomita 42 na ushei. Mwaka wa 2000 huko Sydney akapata shaba ya Olimpiki.

Watu wa ng'ambo walishangaa, wakaja kupima sufuria zetu. Mwaka wa 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji 10 wa Kenya walio bora sana kwa siku 7, wakiandika kila walichokula. Karibu robo ya nguvu za chakula chao ilitoka kwenye ugali. Vingine vilikuwa mkate, wali, viazi, uji, kabeji na maharagwe, na sukari nyingi kwenye chai ya maziwa. Sehemu kubwa sana ya chakula chao ilitoka shambani, na nyama na maziwa vilikuwa sehemu ndogo tu.

Basi mwambie kijana wako hivi. Mahindi peke yake yana upungufu fulani wa protini, na maharagwe yana upungufu wa namna nyingine. Ukivipika pamoja, kimoja hujaza pengo la kingine. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini githeri waliijua. Ongeza managu au saga, yai au kikombe cha maziwa ukipata, na misuli haitalalamika.

Lakini utafiti ule ulionyesha pia jambo la kututahadharisha. Wiki ile wanariadha wale walikuwa wakila pungufu ya nguvu walizotumia. Mtu mzima aliyezoea anaweza kuvumilia wiki moja. Msichana anayekua hawezi kuishi hivyo mwezi baada ya mwezi. Binti yako akianza kukimbia au kuinua vyuma, kisha hedhi yake ikakatika, usikubali kuambiwa kwamba hiyo ni dalili ya mazoezi mazuri. Mara nyingi ni mwili unaosema haupati chakula cha kutosha, na mifupa yake hudhoofika kimyakimya. Mpeleke kituo cha afya. Kama kuna uwezekano wa ujauzito, hilo nalo liulizwe bila ukali.

Na kwa kuwa tumetaja chai, sisi watu wa nchi ya chai tunapenda inayochoma ulimi. Iache ipoe kidogo. Mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitaja vinywaji vya moto wa kupita digrii 65 kuwa huenda vinachangia saratani ya umio, na ugonjwa huo tunaujua sana Bomet na Kericho.

Sasa jangwani. Vijana wanataka kutembea kuelekea Loiyangalani, ambako ziwa linapigwa na upepo na miamba ni myeusi. Msafara mmoja ulipita upande huo zamani, nao uliandikwa. Mwaka wa 1887 Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, waliondoka Pangani kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Waliongozana na mfanyabiashara Mswahili aliyezijua njia za bara, Jumbe Kimemeta, na wapagazi mamia. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wakati ule ulikuwa kama kilo 30. Zidisha mikebe miwili ya simiti kwa moja na nusu, ukabebe kichwani kutwa.

Walipofika Baringo mwishoni mwa mwaka hawakuendelea mbele mara moja. Walikaa wiki nyingi wakitafuta nafaka, maana waliambiwa kwamba huko mbele hakuna cha kununua. Februari 1888 wakashika njia, wakapita nchi ya Wasamburu na Mlima Nyiro, na mapema mwezi wa Machi wakaliona ziwa. Watu waliokuwa wamekauka koo walikimbia kujitosa majini, wakanywa, wakakuta maji yana chumvi na magadi. Safari iliyobaki ilikuwa ya njaa na kiu, na wapagazi kadhaa hawakurudi kwao. Teleki mwenyewe, aliyekuwa mtu mnene, alikonda sana.

Hao walikuwa watu waliozoea jua, kwani walikuwa wametembea mwaka mzima. Mtoto wa Londiani je? Sisi tunaishi karibu mita 2,300 juu ya bahari, tunalala na blanketi mbili. Ziwa Turkana liko chini ya mita 400. Kwa kila mita 1,000 unazoteremka, joto huongezeka kwa digrii 6 hivi, kwa hiyo kijana anashuka siku moja na kukutana na joto la digrii zaidi ya 10 juu ya alilolizoea. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kujifunza kutoa jasho ipasavyo na kutunza chumvi. Misuli haifupishi siku hizo. Kijana mnene wa misuli anayejikaza ili asionekane mnyonge ndiye yuko hatarini zaidi, maana misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi. Mtoto wa dada yangu alianguka hivyo, na maji yalikuwa mkobani mwake.

Kwa hiyo wenzake wote wazijue dalili, si yeye tu. Kwanza huja kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukakamaa. Hapo apumzike kivulini, anywe maji kidogo kidogo, na kutembea kwa siku hiyo kuishe. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kupata degedege au kuzimia, huyo ni mgonjwa wa dharura. Wamvue nguo za juu, wammwagie maji mwili mzima, wampepee bila kuacha, na waite gari la hospitali huku wakiendelea kumpoza. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

Wasafiri alfajiri, na saa tano wawe wamekaa kivulini mpaka jua liinamie magharibi. Siku za kwanza watembee kidogo tu. Wasinywe maji mengi mno kwa mkupuo wakitegemea maji matupu kutwa, kwa sababu jasho hutoka na chumvi. Chakula chenye chumvi kinasaidia, na pakiti za ORS za zahanati pia zinasaidia. Ukizikosa, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Unaukumbuka mchanganyiko huo tangu watoto walipokuwa wakihara. Mwaka wa 1971 maji ya namna hiyo, ya sukari na chumvi, yaliokoa maelfu ya wakimbizi wa Bangladesh waliopatwa na kipindupindu kambini, pale drip zilipokwisha.

Mtoto wa dada yangu anarudi huko Desemba hii. Dada hakumkataza. Amemtaka watangulie kukaa siku 8 kwa mjomba wao kule Marigat, wakitembea asubuhi tu, na amedai kuonana na wenzake wote watatu kabla hawajaondoka. Walikuja Jumapili, wakakaa kwenye gogo lao karibu na vyuma vya simiti, na kila mmoja akazitaja dalili kwa mdomo wake. Aliyekosea alirudia.